Bwana Ungo Hakusema Siagi

Kaka yangu alikuwa mwongo, na nalisema hilo kwa mapenzi yote niliyobaki nayo. Hakudanganya ili apate kitu. Alidanganya kama wengine wanavyopiga mluzi, kwa sababu mdomo ulikuwa hauna kazi. Ukimtuma chumvi dukani, atarudi na chumvi na habari kwamba muuza duka ameumwa na nyuki kwenye ulimi, na wewe utamwonea huruma muuza duka siku mbili nzima, mpaka umsikie akigombana na wateja kwa sauti yake ileile. Mtaani walimwita Mkalimani. Jina hilo nalo lilitokana na uongo, mkubwa kuliko wote aliowahi kuusema, nami nilikuja kuujua nikiwa na miaka arobaini na minane, nimekaa ndani ya gari la kazi, nje mvua, simu mkononi.

Lakini nianze na kanda.

Baba alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari kwenye yadi moja iliyopokea magari yaliyotumika kutoka Japani. Magari yale yalikuja na vitu vilivyosahauliwa na wenyewe: miavuli, kiatu kimoja cha mtoto, ramani, na mara moja meno ya bandia. Siku moja, ndani ya buti la gari jeupe, baba akakuta boksi la kanda za video. Zilikuwa kumi na moja, zimeandikwa kwa mwandiko ambao hatukujua upande wa juu ni upi. Akazileta nyumbani. Tulikuwa na deki iliyomeza kanda na kuzitema inapojisikia, na televisheni yenye kichogo kirefu kiasi kwamba meza ilisogezwa mbali na ukuta. Tukaweka kanda ya kwanza. Ilikuwa katuni. Samurai mmoja, upanga kiunoni, kofia ya majani pana kama ungo, anatembea peke yake kwenye njia ya vumbi.

"Huyu Bwana Ungo anakwenda wapi?" baba akauliza, na jina likashika hapo hapo.

Wiki tatu baadaye baba alivaa shati safi, akatundika ovaroli yake nyuma ya mlango, akasema anakwenda mji wa pili kufuata rangi ya gari la mteja. Mama alikuwa anakunja nguo. Mimi nilikuwa na miaka saba, nimekaa kwenye kizingiti. Alinivuka, akanigusa kichwa.

"Nakwenda, narudi," alisema.

Hakurudi. Hakufa wala hakupotea, aliingia mitini tu. Mwaka uliofuata dereva mmoja wa lori alimkuta huko alikokuwa, amenenepa, amebeba mtoto mwingine mabegani. Habari hiyo tuliletewa bila kuiomba. Lakini kabla ya kuletewa, mimi nilikuwa nakaa kwenye kile kizingiti kila siku tangu nikitoka shule mpaka niitwe kuoga. Mama alinibembeleza, akanigombeza, akaniacha. Watu wakiingia walinivuka kama alivyonivuka baba.

Kaka alikuwa na miaka kumi na tano. Aliacha shule akaenda kuosha magari kwenye yadi ileile, amevaa ovaroli ya baba, mikono na miguu imekunjwa mara tatu tatu. Pale yadi kulikuwa na mkaguzi wa Kijapani, mzee mfupi aliyeishi na mkewe kwenye nyumba iliyoungana na ofisi. Nilimwona mara moja nilipompelekea kaka chakula. Alitoka mlangoni, akasema neno, mkewe akamjibu kutoka dirishani. Sikujali, nilikuwa namtafuta kaka.

Miezi miwili hivi baada ya kuanza kazi, kaka alitangaza kwamba sasa anajua Kijapani.

"Unajua Kijapani!" mama akasema. "Hata kufua soksi hujui."

"Mkaguzi ananifundisha. Nina kipaji."

Basi Jumamosi mchana sebule yetu ikawa haina pa kuweka mguu. Watoto wa mtaa mzima walikaa sakafuni, wakubwa wao wakasimama dirishani wakijifanya wamepita tu. Kaka alisimama kando ya televisheni, mwiko mkononi, akatafsiri. Bwana Ungo akisema "he," kaka alisema, "Nyinyi wezi wa kuku, mlidhani sitawafuata mpaka hapa?" Jambazi mkuu alimpa jina la mwenye nyumba wetu, na sauti yake, na kikohozi chake. Siku mwenye nyumba alipopita dirishani akasikia jina lake likikatwa na upanga vipande viwili, watoto walivunjika mbavu, na mama akaenda kuomba radhi akiwa amejikaza asicheke.

Kila kanda ilianza vilevile. Bwana Ungo yuko mlangoni kwa bibi mmoja mwenye jino moja, anafunga kamba za viatu. Anasimama, anavaa kofia, anasema neno. Bibi anajibu neno. Samurai anashika njia. Neno lenyewe, masikioni mwetu, lilikuwa kama "ita Kimasi."

"Kimasi ni nani?" mtoto wa fundi saa aliuliza. "Kila siku anasema ita Kimasi, na Kimasi mwenyewe haji."

Tukacheka. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango, sehemu yangu ya siku zote, jicho moja kwenye katuni na jingine nje. Namkumbuka kaka akinitazama. Mwiko ulikuwa hewani, akaushusha taratibu. Kisha akasema, "Hakuna Kimasi. Anasema: Siagi."

"Siagi? Ya mkate?"

"Siagi! Kuaga! Mimi siagi mtu! Mnaelewa? Mtu akiaga, mnamsubiri. Bwana Ungo haagi, ili asisubiriwe na mtu. Anaondoka, basi, watu wanaendelea na shughuli zao. Huyo ndiye mwanamume."

"Na bibi anajibuje?"

Kaka alifikiri kidogo. "Anasema: Potelea mbali!"

Nyumba nusura ianguke kwa kicheko. Kuanzia siku hiyo mtaa wetu haukuwa na salamu nyingine. Mtoto akitoka kwenda kisimani anapiga kelele "Siagi!" na wenzake wote wanamjibu "Potelea mbali!" Mama mwenyewe aliingia mchezoni. Nikitoka kwenda shule nasimama mlangoni, nashika upanga usiokuwepo, nasema, "Mama, siagi." Naye, mikono imejaa sabuni, bila kugeuka: "Mkate umebaki huku. Potelea mbali, mwanangu." Wakaniita Siagi, na mpaka leo kuna watu wazima wenye mvi wasiojua jina langu jingine.

Mimi niliacha kukaa kwenye kizingiti. Sikuacha siku moja, lakini niliacha. Kama baba angekuwa mwanamume kama Bwana Ungo, niliwaza, angeondoka bila neno na mimi nisingesubiri. Kosa lake lilikuwa lile neno. Nikakata shauri kwamba mimi kosa hilo sitalifanya.

Kulikuwa na jambo moja tu lililonisumbua. Kama Bwana Ungo haagi na harudi, kwa nini kila kanda inaanza tena kwa bibi yuleyule?

"Hiyo ni nyumba nyingine," kaka alinijibu. "Zinafanana."

"Na bibi?"

"Pacha wake."

"Kanda zote kumi na moja?"

"Walizaliwa kumi na mmoja. Jino waligawana."

Nikaamini. Mtoto wa miaka saba unaweza kumuuzia mapacha kumi na mmoja, hata hajiulizi mama yao alikuwa na hali gani.

Nikawa mpima ardhi. Kazi yenyewe ni ya kuhama: unafika mahali, unasimamisha darubini yako, unapiga vigingi, unawaonyesha watu ardhi yao inapoishia, unafunga tepu, unaondoka. Wakati ndugu wanaanza kugombana kuhusu kigingi cha nne, mimi niko mji mwingine. Niliishi kwa kanuni ya Bwana Ungo bila hata kuifikiria. Ofisi tatu niliziacha kwa kutoonekana Jumatatu. Mume niliyekuwa naye miaka mitano alirudi jioni akakuta kabati limebaki na nguo za upande mmoja. Alikuwa mtu mwema, mpiga chapa, vidole vyeusi kwa wino, na alistahili walau kugombezwa. Nilijiambia nimemwepusha na maumivu. Watu waliponiita jeuri nilicheka. Hawakuijua katuni.

Kisha mama akaugua.

Alilazwa wodi ya wanawake, kitanda cha mwisho, karibu na dirisha lililotazama kamba za kuanikia mashuka. Mimi nilikuwa na mzozo wa mpaka kati ya ndugu wawili, siku tatu kwa gari kutoka pale, na mahakama ilikuwa inanisubiri. Nilipita hospitali kwa saa mbili. Miguu yake ilikuwa ya baridi, nikaipaka mafuta. Tukapiga soga. Alisema uji wa pale umepikwa na mtu mwenye kinyongo. Saa ilipofika nilinyanyuka, nikasimama mlangoni na begi begani.

"Mama, siagi."

Alitoa mkono chini ya shuka, mkono ambao siku zile ulikuwa mifupa tu. "Potelea mbali, mwanangu."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani alishika mdomo kwa mshangao. Mama alicheka mpaka akakohoa, mimi nikatoka nikicheka, nikacheka mpaka getini. Siku ya nne, tepu ikiwa mkononi, nikapigiwa simu.

Baada ya mazishi, watu walipoanza kutawanyika, kaka alinifuata nyuma ya nyumba nilipokuwa nasuuza vikombe. Alikuwa hajalala siku kadhaa na sauti ilikuwa imemkauka.

"Mdogo wangu, kwa nini hukumwambia unarudi lini?"

"Tuliagana kama siku zote."

"Alikuwa anauliza. Mlango wa wodi ukifunguliwa, ananyanyua kichwa. Nesi akiingia, ni wewe? Mfagiaji akiingia, ni wewe? Siku zote nne. Alinikatalia nisimgeuze aangalie dirisha. Ungemwambia neno moja tu."

Mtu mwenye akili zake angelia. Mimi nilishikwa na hasira, maana ndiyo iliyokuwa karibu.

"Na nani alinifundisha kutoaga?" nilimwambia. "Si wewe, na mwiko wako?"

Alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi. Nilisubiri anijibu, anitukane, anitungie uongo hata mmoja. Mkalimani akachukua kikombe kimoja, akaanza kukisuuza. Nikaweka kikombe chini, nikachukua begi, nikaondoka bila kumuaga mtu. Hiyo ni miaka sita. Salamu zetu zilipita kwa binti yake, anayenipigia kila mwezi nitake nisitake.

Binti huyo ndiye aliyenipigia kuniambia kaka amepata kiharusi. Upande wa kulia umekufa na maneno yamekwenda. Mtu aliyeweza kumpa samurai sentensi tatu kwa mguno mmoja, sasa mguno ndio wake. "Daktari anasema kikirudi cha pili, hatutakuwa na la kufanya," alisema. "Shangazi, utakuja?" Nikasema nitakuja. Miezi minne ikapita. Nilikuwa nakwenda kila siku, kwa mdomo.

Hapo ndipo ile mvua iliponikuta. Tulikuwa tunapima uwanja wa shule, anga likafunguka, nikakimbilia garini. Simu ikalia: binti wa kaka amenitumia video. "Shangazi, nimeipata katuni yenu! Namwekea Baba kila siku. Angalia."

Nikaangalia. Njia ya vumbi ilikuwa ileile. Kofia ilikuwa ndogo kuliko nilivyoikumbuka, na upanga, nakiri, ulichorwa vibaya. Bibi alikuwa na meno matatu. Bwana Ungo akafunga kamba za viatu, akasimama. Safari hii chini ya picha palikuwa na maandishi ya Kiingereza, na hicho nakisoma. Nilitabasamu kabla hayajatokea, mdomo tayari umekaa mkao wa kusema siagi.

Maandishi yalisema: nakwenda, narudi.

Nikarudisha nyuma. Nakwenda, narudi. Bibi akamjibu: nenda, urudi salama.

Nikampigia binti. Yeye anafanya kazi ya kupokea simu kwenye kampuni inayoagiza magari, na wamefundishwa Kijapani cha kuombea samahani.

"Hilo neno la mlangoni," nilimuuliza, "maana yake ni nini hasa?"

"Hilo? Shangazi, hilo tulifundishwa siku ya kwanza. Mtu akitoka kwake, hata kwenda dukani, anawaambia waliobaki: nakwenda, narudi. Na wao wanamjibu: nenda, urudi. Kila nyumba, kila siku. Baba alikuwa anawaambia ni nini?"

Nikakata simu. Vijana wangu wawili wa kazi walikuwa wamejikunyata chini ya turubai wakinipungia, wanauliza kama tunaendelea. Mimi nilikuwa nahesabu milango. Samurai niliyemfuata maisha yangu yote hakuwa mzururaji. Alikuwa mtu mwenye kwake. Alikuwa anatoka asubuhi na kurudi, ndiyo maana kila kanda ilianza mlangoni kwa bibi mmoja, hakukuwa na pacha wala nusu pacha. Na mama yangu alikufa ameelekeza macho mlangoni kwa sababu ya uongo wa mvulana mwenye mwiko.

Jumatano nilikuwa mlangoni kwa kaka, roho juu, maneno nimeyapanga kama vigingi.

Anaishi kwenye nyumba ileile. Ovaroli ya baba bado imetundikwa nyuma ya mlango, imefifia, viwiko vimetiwa viraka na kaka mwenyewe, maana aliivaa mpaka alipokuwa msimamizi wa yadi. Alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, mkono wa kulia umelazwa juu ya mto. Alikuwa amenyolewa vibaya upande mmoja wa kidevu. Nilikuwa nimekuja kugombana na mtu mkubwa, nikakuta mzee mdogo mwenye soksi zisizofanana. Aliponiona, nusu ya uso ilicheka na nusu ilibaki ilivyo.

"Shikamoo, Kaka."

"Aa," alisema. "Aa. Aa."

"Ndilo neno lake," binti yake akasema. "Hilo, na nusu ya jina langu. Ngoja niwawekee katuni yenu, shangazi, atafurahi." Akaunganisha simu na televisheni, akaenda jikoni.

Nilivuta kigoda nikakaa mbele yake. Sikungoja katuni ianze.

"Kaka, nimejua alichokuwa anasema. Siagi haimo. Ulitudanganya. Wengine uliwadanganya wakacheka wakaenda kwao, mimi niliishi humo. Kama hukujua, sema hukujua. Tikisa kichwa tu. Sitakulaumu. Ulikuwa mtoto, ulibahatisha."

Nilitaka atikise kichwa. Nilikuwa tayari kumsamehe hapo hapo, nimeshaona namna nitakavyomshika bega.

Hakutikisa. Alikuwa anatazama televisheni, na kwenye televisheni Bwana Ungo alikuwa anafunga kamba za viatu. Kabla samurai hajafungua mdomo, mkono wa kushoto wa kaka ulinyanyuka. Kidole kimoja kikatoka kifuani kwake, kikaenda taratibu kuelekea mlangoni, kikasimama. Kisha kikageuka, kikarudi taratibu vilevile mpaka kifuani. Bwana Ungo akasema neno lake.

Binti alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko na kitambaa mkononi. "Hivyo ndivyo anavyofanya kila siku," alisema. "Nilidhani ni zoezi la daktari."

Halikuwa zoezi. Niliwaona tena yule mzee mfupi wa yadi na mkewe dirishani. Hivyo ndivyo mtu asiyejua lugha yako anavyoweza kukueleza neno hilo: kidole kinakwenda, kidole kinarudi.

"Ulijua," nilisema. "Mkaguzi alikwambia. Ulijua kabla ya kutuambia sisi."

Akafumba macho, akayafumbua. Ndiyo.

"Kwa hiyo kwa nini? Kaka, kwa nini?"

Alihangaika. Mdomo ulijaribu na kushindwa, mate yakamtoka, akayafuta kwa hasira kwa mgongo wa mkono mzima. Ndipo akanyoosha kidole kwenye ovaroli nyuma ya mlango. Akakishusha kwenye kizingiti. Kisha akafungua kiganja na kukishusha chini, chini zaidi, mpaka kikawa hewani usawa wa kichwa cha mtoto aliyekaa. Akakiacha hapo.

Sikuhitaji mkalimani. Nilikuwa na miaka saba, nimekaa mlangoni, jicho moja nje, nasubiri mtu aliyesema nakwenda, narudi. Na mvulana wa miaka kumi na tano, mbele ya mtaa mzima, alitakiwa aniambie kwamba samurai ninayempenda anasema maneno hayohayo. Akayameza. Akanitafutia mengine ya kuniondoa pale kwenye kizingiti.

Maneno yangu yote niliyoyapanga yalikwisha. Nilikishika kile kiganja hewani, nikakiweka juu ya kichwa changu, nikalia kama sikuwahi kufundishwa kujikaza. Nililia kwa ajili ya mpiga chapa na kabati lake nusu. Nililia kwa ajili ya miaka sita na vile vikombe. Zaidi nililia kwa sababu sikuwa tena na mtu wa kumlaumu. Kaka alinipa neno la kunifaa utotoni, na hakuna aliyenilazimisha kutembea nalo miaka arobaini.

Tuliangalia kanda nne. Kamasi zilimtoka, nikamfuta. Nilimnyoa tena ule upande ulioharibiwa. Ilipofika saa tisa ilibidi niondoke, maana uwanja wa shule ulikuwa haujaisha na mwalimu mkuu alishanipigia mara tatu.

Tabia ni ya ajabu. Binti alikuwa jikoni, kaka macho kwenye televisheni, na mimi, baada ya yote hayo, nilijikuta nimeshika begi na mguu mmoja uko nje. Hata sikukumbuka kunyanyuka. Nilisimama juu ya kile kizingiti, kimemomonyoka katikati, nikajionea aibu. Nikageuka.

Maneno yenyewe nilikuwa sijayasema tangu nizaliwe. Kwangu yalikuwa maneno ya baba, yananuka shati safi. Yalikataa kutoka. Nilikohoa, nikajaribu tena.

"Kaka," nilisema. "Nakwenda, narudi. Jumamosi."

Kaka aligeuza kichwa. Nusu ya uso ikaanza kukunjamana, nikadhani analia. Kisha, kwa ulimi ambao kwa miezi minne haukuwa na neno, kwa sauti ya bibi mwenye jino moja, herufi zote mahali pake, alisema:

"Potelea mbali!"

Bakuli likaanguka jikoni. "Baba!" binti akatoka mbio. "Baba, unamtukana shangazi? Baba, umesema!" Yeye anashangaa, sisi tunacheka, hatuna hata pumzi ya kumweleza. Nilitoka nikicheka. Nilipofika getini nikakumbuka mara ya mwisho nilipotoka nikicheka namna ile, na kicheko kikakatika.

Jumamosi nilifika mapema kuliko nilivyosema. Njiani sikupokea simu ya mtu. Mlango ulikuwa wazi, na kiti cha kaka hakikuwa mahali pake karibu na dirisha. Kilikuwa kimegeuzwa, mgongo kwa televisheni, uso kwa njia.

"Tangu Alhamisi asubuhi," binti yake alisema. Alikuwa amechoka. "Nikimgeuza anapiga kelele. Katuni haitaki. Mtu akipita tu nje, ananyanyua kichwa."

Kaka hakuwa ameniona bado, jua lilikuwa machoni mwake. Aliona kivuli tu mlangoni. Alinyanyua kichwa, shingo imekaza, macho yametumbuliwa, anatafuta ni nani. Maisha yangu yote nimewapa watu mgongo, na sikuwahi kusimama nikaona wanabaki vipi. Nilisimama. Nilimwangalia vizuri kabla sijasema neno, kwa sababu uso ule ulikuwa wa mama.